Nakala za Kitinda

Asubuhi ile dada mtu alifuta meza ya maabara kwa spiriti, akavaa glavu, akafungua friji na kukuta kikasha cha lebo kitupu. Kando yake ilikuwa damu ya mdogo wake, aliyoitoa mwenyewe jana yake wodini, ghorofa ya juu. Mdogo huyo alikuwa fundi rangi, kitindamimba wa mama yao, na nyumbani walimwita Kitinda. Alikuwa na saratani ya damu, na ndiye mgonjwa wa kwanza kupewa dawa mpya ya hospitali ile.

Kazi ya dada ilikuwa kuzisikiliza seli. Kila seli aliitia peke yake ndani ya tone, na kila ujumbe uliotolewa na jeni zake aliufunga lebo yake kabla ya mashine kuunakili mara elfu. Bila kunakili, jumbe huwa hafifu mno, hazionekani. Bila lebo, huwezi kujua kama umesikia watu elfu au mropokaji mmoja aliyerudia neno lake mara elfu.

"Profesa, lebo zimekwisha. Tungoje ziletwe."

Profesa, aliyeisimamia dawa ile, alikuwa akichovya mkate kwenye chai. Nyuma ya mgongo wake walimwita Wastani, kwa maana hakuna jambo ambalo hakulitafutia wastani.

"Wageni wanaoigharimia dawa wanakuja kesho. Nakili hivyo hivyo."

"Sasa tutahesabuje?"

"Kama watu wote wanavyohesabu. Moja, mbili, tatu."

Dada akainakili damu ya Kitinda bila lebo. Adhuhuri mlango wa mashine ulifunguka, akatoka Kitinda, amevaa pajama za wodi. Akafuata Kitinda mwingine, kisha wengine, mpaka dada akalazimika kusogeza viti kuwapisha. Hawakuwa na homa. Walijipanga koridoni, na kila aliyepita walimwambia, "Leo afadhali." Mfagizi aliwaomba wainue miguu apige deki.

Dada aliyajua maneno hayo. Ndiyo ambayo Kitinda alimwambia jana yake, sindano ikiwa mkononi, ili kumtoa hofu. Damu ile ilikuwa na mengine mengi ya kusema, lakini mashine iliyapendelea haya, kama mashine zifanyavyo, ikayakuza na kuyaacha mengine yapotee.

Akapanda wodini mbio. Kitinda mwenyewe alikuwa amejikunja kama jongoo, shuka limelowa jasho.

"Dada, mifupa inawaka moto. Niambie ukweli, hii dawa inaniua?"

"Nitawaambia waikatishe. Wakurudishie ile ya zamani."

"Fanya haraka basi. Mwenzio siwezi tena."

Alishuka, akamvuta Profesa mkono hadi koridoni. "Tazama masikio yao. Kila mmoja ana doa la rangi ya buluu, pale pale. Ni lile alilojidondoshea Kitinda akipaka dari. Hawa wote ni mtu mmoja, Profesa. Mhesabu mara moja."

Profesa alichungulia sikio la kwanza, la pili, la tatu. "Kweli yanafanana," alikubali. "Hiyo inaonyesha kwamba matokeo hayayumbi."

"Na aliye kitandani?"

"Wengi wanasema afadhali, mmoja analalamika. Nikimfuata huyo mmoja nitakuwa mtafiti gani?"

Dada akapiga magoti. Maishani mwake hakuwa amempigia mtu magoti. "Nakuomba. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja."

"Inuka," Profesa alisema kwa upole. "Sakafu imelowa."

Wageni walifika, wakawapa mkono nakala wote, mmoja mmoja, wakaridhika. Dawa ikaongezwa kipimo. Mama naye alikuja. Alipita mbele ya safu nzima akinusa kila shingo, kisha akapanda ngazi, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Wangu ni huyu," alimwambia muuguzi.

Kitinda alifariki mchana wa jua kali, mama akimpepea kwa kipande cha boksi. Nakala walikuja mazishini, wakajipanga kumpa mama pole. "Leo afadhali," alisema kila mmoja. Mama, mtu wa adabu zake, aliwaitikia wote: "Ahsante, mwanangu."

Profesa pia alihudhuria. Aliporudi ofisini alikigawa kifo kile kwa idadi ya nakala, wastani ukatoka karibu na sifuri. Lebo zilipoletwa, alizifungia kabatini, akisema zinapunguza watu.

Kisha godoro likageuzwa, akalazwa mwalimu wa shule ya msingi, mzee aliyekonda hadi pete imemhama kidole. Dada akatumwa kumtoa damu.

"Binti yangu," mwalimu aliuliza, "hii dawa inaponya?"

Dada alitazama mlangoni. "Haiponyi, Mwalimu. Wale wote wa koridoni ni mtu mmoja, naye tumeshamzika."

Dawa ya zamani hospitali ilikuwa imeacha kuiagiza, na kwingine kote walikuwa wamemwambia Mwalimu arudi nyumbani akapumzike.

"Nimewaona nilipokuwa naletwa," alisema. "Wamesimama, binti yangu. Wamesimama kwa miguu yao wenyewe."

Akakunja mkono wa pajama, akamnyooshea. Dada akaanza kuutafuta mshipa.