Jumamosi ya Mama Chiriku

Mama Chiriku alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka miwili na nusu hakuwahi kunywa chai ikiwa bado ya moto. Mumewe alifanya kazi ya kujenga barabara huko mbali, akirudi kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo yule mtoto, aliyepachikwa jina la Chiriku kwa kuongea bila kituo, alikuwa wake usiku na mchana. Alishona akiwa amembeba mgongoni, na mtoto alipopata miguu akahamia chini ya meza ya cherehani, akiisimulia miguu ya mama yake habari za dunia nzima.

Jumamosi moja asubuhi wifi yake, muuguzi asiye na mzaha, alimkuta ameshonea mkono wa shati shingoni.

"Wifi, hebu jitazame. Leo namchukua mtoto mpaka jioni. Na nikisikia umegusa cherehani, tutakosana."

Chiriku aliondoka bila hata kugeuka, mdomo haufungi.

Nyumba ikawa kimya mpaka masikio yakamwasha. Mama mtu akachemsha chai, akainywa ya moto, ikamchoma ulimi. Akajilaza, usingizi ukagoma. Akafagia palipokwisha kufagiliwa, akakaa, akasimama. Alipotazama saa akidhani adhuhuri imeingia, ilikuwa saa tatu na robo.

"Haiwezekani," akaiambia ile saa.

Ndipo akalikumbuka bwawa la kuogelea. Enzi za shule aliogelea mpaka wenzake wakasema ana mapezi. Akalifukua vazi lake la kuogelea toka chini kabisa sandukuni. Lilimbana kweli, lakini liliingia.

Mlinzi wa bwawa alikuwa mwanamke wa makamo, filimbi shingoni, macho hayakosi kitu. Mama Chiriku akajitosa. Raha iliyoje! Alifika upande wa pili, akageuka, na katikati ya njia wazo likamvamia: hivi nilimwambia wifi kwamba karanga zinamdhuru? Akatoka mbio kutazama simu. Hakuna kitu. Akarudi majini. Safari hii likawa dirisha la wifi: lina nondo au halina? Akatoka tena.

Alipotoka mara ya sita, mlinzi akamwita. "Mwanangu, umekuja kuogelea au kulowesha sakafu?"

"Shikamoo mama. Nimemwacha mtoto."

"Marahaba. Umemwachia nani, simba?"

"Shangazi yake. Ni muuguzi."

Mlinzi akanyoosha kiganja. "Lete hiyo simu. Ikilia, nitapuliza filimbi."

Aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Kisha akaogelea, kwenda na kurudi, mabega yakilegea kidogo kidogo, mpaka akaanza kusahau.

Filimbi ikalia.

Alimeza maji. Alipanda ukingoni kwa magoti. "Kuna nini? Ameanguka? Wamempeleka hospitali gani?"

Mlinzi alikuwa akiwanyooshea kidole wasichana wawili waliokuwa wakifukuzana. "Nyie, tembeeni!" Alipogeuka akauona uso wa Mama Chiriku. "Pole, mwanangu. Hiyo haikuwa yako."

Akakaa palepale sakafuni. Alitaka kulia, akajikuta anacheka, halafu kilio na kicheko vikaja pamoja. Mlinzi akamfunika taulo, akamrudishia simu. Mama Chiriku akampigia wifi yake. Nyuma ya sauti ya wifi alimsikia Chiriku akimfokea paka.

"Wifi, uko wapi? Mbona sauti inapiga mwangwi?"

"Bwawani. Karanga zinamdhuru, wifi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekwambia. Rudi majini." Simu ikakatwa.

Akarudi. Wasiwasi haukumwacha, ulikuwa papo hapo ubavuni mwake, ila sasa alishindana nao mbio, na mara mojamoja aliupita.

Jioni alimkuta Chiriku uani kwa wifi, amekaa kwenye beseni la maji, anampigia paka hotuba. Alimtazama mama yake toka juu hadi chini.

"Mama, nenda. Sijamaliza."

Ikamchoma. Ikamchekesha pia. Akakaa kwenye kizingiti, nywele mbichi, akimsubiri mkubwa amalize shughuli zake.

"Wifi," akasema, "Jumamosi ijayo una zamu?"

"Sina."

"Basi usipange kitu."