Karani wa Wakili

Watanzania wa Riverdale Park, Marekani, walimwita Elisante "Wakili", naye hakujisumbua kuwasahihisha. Kwa kweli alikuwa karani wa wakili mmoja pale Hyattsville: anatoa kopi za fomu za uhamiaji, anapokea simu, anapeleka kahawa. Kwa siri alikuwa ameandika riwaya. Mchapishaji wa Dar es Salaam ameikubali, ila anataka mstari mmoja wa kumtambulisha mwandishi, na miezi mitatu sasa mstari haujaandikwa. Aandike karani? Heri riwaya ioze.

Mchana mmoja mpwa wake Flaviana, anayesoma chuo huko Annandale, aliingia ofisini akihema.

"Shikamoo mjomba. Profesa anataka kurasa nne za maisha ya mwandishi wa riwaya wa Ugiriki ya kale. Nime-search mpaka basi, hakuna kitu!"

"Marahaba, mama. Hilo tu?" Elisante akavuta kalamu. Ndiye aliyeandika wasifu wa kila marehemu wa jumuiya. Walevi walitoka mikononi mwake wakiwa wacha Mungu. Mgiriki mmoja angemshinda? "Andika: marehemu alizaliwa katika familia ya watu waadilifu, akaugua kwa muda mfupi..."

"Mjomba, nitafeli! Kinachojulikana ni alichosema mwenyewe mwanzoni mwa kitabu. Jina lake, mji wake, na kwamba ni karani wa wakili fulani, anataka kusimulia kisa cha mapenzi. Basi."

Kalamu ikasimama. "Karani? Kasema mwenyewe, bila kulazimishwa?"

"Mwenyewe. Hata huyo wakili tunamjua kwa sababu karani wake alimtaja jina. Karibu miaka elfu mbili sasa."

Elisante aliona aibu, na aibu ikamtia hasira. Maiti wote wale amewapamba, na yeye aliye hai anajificha nyuma ya cheo cha mwenzake!

"Eddie! Coffee!" bosi aliita kutoka chumba cha ndani. Miaka kumi na mmoja, na jina la Elisante bado lilikuwa linamshinda.

Kahawa ikasubiri. Elisante alifungua barua pepe ya mchapishaji, akaandika: "Mimi, Elisante wa Machame, ni karani wa wakili mmoja huko Hyattsville."

Flaviana alichungulia begani kwake. "Mbona wakili hujamtaja jina?"

"Jina lake lipo pale mlangoni, kwa herufi za dhahabu," Elisante akasema, akibonyeza kutuma. "Linamtosha."