Benchi Lisilo na Egemeo

Jumapili ya tarehe tisa mwezi wa saba, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa natazama saa ya ukutani, ile niliyoitengenezea fremu mwenyewe, bure, kwa utukufu wa Mungu. Mke wangu alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa. Alivaa gauni jeupe, na kamba za viatu hakuzifunga maana miguu ilikuwa imemvimba. Siku hiyo alikuwa arudishwe kundini. Miezi tisa alikuwa ametengwa, na mkononi alishika kikaratasi chenye maneno ya toba ambayo wazee walimwandikia ayaseme mbele ya watu.

Akasimama mwenyekiti wa baraza la wazee. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu, na sisi tukiwa wenyewe humwita Kanuni, maana kitabu cha kanuni za kanisa hakimtoki kwapani hata akienda msibani. Akatangaza kwamba kwa kuwa leo tumetembelewa na baba askofu, baraza limeona shughuli ya kuwarudisha waliotengwa isogezwe mpaka tarehe ishirini na tatu. Akasema nguo chafu hazianikwi mgeni akiwa sebuleni. Watu wa mbele wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mkubwa.

Mke wangu akakikunja kikaratasi chake mara mbili, akakiweka ndani ya Biblia. Alhamisi ya tarehe ishirini akafa.

Kwetu, binti akipata mimba hajaolewa hutengwa na Meza ya Bwana, na wazazi wake hutengwa pamoja naye, mpaka wasimame watubu kwamba hawakulea. Aliyetengwa hali Chakula cha Bwana, haimbi kwaya, anakaa benchi la nyuma. Akifa kabla hajarudishwa, kengele haipigwi na mchungaji haendi makaburini. Sheria hiyo niliikuta na sikuwahi kuipinga, maana ilikuwa inawapata wengine. Mkuki kwa nguruwe.

Benchi lenyewe nimelitengeneza mimi. Mimi ni seremala. Miaka mitatu kabla ya haya, Kanuni alikuja karakana kwangu akaniagiza benchi fupi, la watu wanne, lisilo na egemeo. Nikamuuliza mbona halina egemeo, mtu atachoka.

"Ndiyo maana yake, fundi," akasema. "Mtu asije akajisahau pale akadhani yuko nyumbani."

Nikacheka. Nikalipiga randa mpaka likateleza, nikazungusha kona zote nne zisimkwaruze mtu. Nilisifiwa kwa kazi hiyo. Sikujua napima makalio ya mke wangu.

Binti yetu kitindamimba alipopata mimba tuliitwa sote barazani. Yule kijana aliyempa mimba alikuwa ameshaondoka zamani, akaacha namba ya simu isiyopokelewa. Kanuni akasoma kifungu. Wapo wanaosema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Waniulize mimi ninayeshika msumeno kila siku: wa kwetu unakata unapousukuma, ukiurudisha haukati kitu. Kijana wa mzee mmoja wa baraza hilohilo alimpa mimba mtoto wa watu, ikasemwa ni majaribu, akapelekwa masomoni. Hakuna aliyekalia benchi.

Mimi nilitubu wiki ya tatu. Kuficha sitaficha. Nilikuwa na kazi ya madirisha ya nyumba ya mchungaji, na niliona haya kukaa nyuma watu wakigeuka geuka. Nikasimama mbele, Kanuni akawa ananisomea maneno na mimi nafuatisha, maana kusoma kwangu ni kwa kuungaunga. Nimeshindwa kulea. Nimelitia doa kanisa. Mkutano ukaitikia kama unavyoitikia siku zote, "Tunampokea kwa upendo," nikarudi kwenye kiti chenye egemeo.

Binti naye alitubu alipojifungua. Mke wangu akakataa.

"Mtoto kakosea," aliwaambia barazani, hakupaza sauti. "Nimemwambia kakosea, na yeye anajua. Lakini nimelea. Siwezi kusimama mbele ya Mungu niseme sikulea."

Nyumbani nilimgombeza. Nilimwambia mwenye nguvu mpishe, ni maneno tu, yaseme yaishe. Akaniuliza kama kitanda nikikitengeneza vizuri kisha mtu akaanguka usiku kwa kuota kwake, nitasema sijui kutengeneza kitanda. Nikaenda kunoa patasi ambayo ilikuwa kali tayari.

Kwa hiyo miezi tisa alikaa pale. Kwaya walikuwa wanamwita Sauti ya Pili, maana hiyo ndiyo aliyoimba miaka ishirini na mbili. Sasa aliimba akiwa benchi la nyuma, na mimi niliyekaa katikati nilisikia kwaya mbele na sauti ya pili nyuma, kama nyumba ambayo ukuta mmoja umejengwa kiwanja cha jirani. Jumapili ya nne au ya tano Kanuni akamtuma mzee wa zamu amwambie kwamba waliotengwa huimba kwa kiasi. Akaanza kuimba kwa midomo tu.

Mimi nilitegemea angekuwa na uchungu. Ikawa kinyume. Wenzake wa benchi walibadilika badilika, yule wa ulevi, yule aliyeacha mke, dada mmoja fundi cherehani aliyeishi na mtu bila ndoa, na wote aliwajua kwa majina na kwa shida zao. Alikuwa anawaombea wakati wa kupika, kwa sauti, kana kwamba wako jikoni wanamsaidia kumenya vitunguu. Aliniambia miaka yote aliyokaa kwaya alikuwa anamwimbia Mungu huku anawaza kola ya joho kama imekaa sawa. Nyuma kule, alisema, huna cha kuonyesha mtu, unabaki wewe na Yeye. Nilimwona mke wangu akikua kiimani kwenye adhabu, na mimi niliyesamehewa nimedumaa. Hilo nalo liliniudhi.

Utani haukumwisha. Mjukuu alipozaliwa, wa kiume, alimbeba akaja naye karakana akaniambia nijipange, mume mwenyewe amefika, mimi nilikuwa nashikilia nafasi tu. Nikamwambia mume gani hana hata jino moja. Akasema, "Afadhali, huyu hanijibu."

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari alisema moyo umetanuka, akampa vidonge, akasema asichoke, akikaa aegemee. Aegemee. Nilipeleka ombi kwa Kanuni kwamba apewe kiti cha kawaida, au niruhusiwe nigongomee ubao mmoja tu kwenye lile benchi, dakika ishirini namaliza. Akasema ataliangalia. Mke wangu aliendelea kukaa saa mbili na nusu kila Jumapili mgongo ukiwa hewani. Nilikuwa nikigeuka nauona mgongo huo ukianza wima na kwenda ukikunjika, mpaka wakati wa baraka paji la uso linakaribia magoti, na wageni wakidhani anasali.

Mwezi wa sita akaniambia atatubu.

Nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Nina njaa, baba watoto. Nina njaa ya ile meza. Nitasema hayo maneno yao, Mungu anajua mimi simo ndani ya maneno hayo. Nisije nikafa sijala."

Basi ndiyo hiyo Jumapili ya tarehe tisa. Ibada ilipokwisha nilimfuata Kanuni nje, askofu akiwa anapigwa picha na akina mama. Nikamwambia mzee, mgonjwa wangu hali yake unaiona. Nilimwomba hata baada ya ibada, mlangoni, watu watano tu washuhudie. Akaniwekea mkono begani.

"Wiki mbili si kitu, fundi. Mungu hana haraka."

Usiku wa kuamkia Jumatano ya tarehe kumi na tisa alishindwa kulala chali, akawa anakaa usiku kucha na mito mitatu mgongoni. Asubuhi nikaenda kwa mchungaji. Ni kijana, mpole, mpole kama bendera, anaelekea upepo unakokwenda. Nikamwambia aje na mkate na divai, amlishe mama huyu nyumbani. Aliona aibu, niliiona. Akasema yeye angependa sana, ila kanuni inataka mtu arudishwe mbele ya kusanyiko, si kitandani, na akifanya kinyume baraza litamwandikia. Akaahidi kumweka kwenye maombi. Akanikumbusha kwamba Jumapili imekaribia.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa amekaa kitandani, mjukuu akiwa pajani kwake anavuta vuta kitambaa chake cha kichwa. Akaniambia nimchukue mtoto, mikono imekuwa mizito. Nilipogeuka kumlaza mtoto kwenye mkeka, nikasikia ametoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nilipomgeukia hakuwepo.

Mtu wetu akifa, kengele ya kanisa hupigwa mara moja kwa kila mwaka aliouishi. Yake ingepigwa hamsini na tatu. Nilikwenda mwenyewe kuomba, na vumbi la mbao miguuni, maana nilikuwa nimeshaanza jeneza. Kanuni alinipa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kweli, machozi yalimlengalenga. Lakini akasema kengele ni ya waliomo, na kifungu hakina mlango wa pembeni.

Jumamosi tulimzika bila kengele na bila mchungaji. Kwaya walikuja kama majirani, hawakuvaa majoho. Shemeji yangu akaanzisha wimbo, wakaupokea. Wote wanaujua wimbo ule kwa sauti zote nne. Hakuna aliyeimba ya pili.

Siku iliyofuata ilikuwa ndiyo tarehe ishirini na tatu.

Nilikwenda. Binti alinizuia, nikaenda. Sikukaa kwenye kiti changu, nikakaa lile benchi, pale palipong'aa kwa gauni lake. Mzee wa zamu akaja akaninong'oneza kwamba fundi, wewe hujatengwa. Nikamwambia najua. Akasimama simama, akaondoka, maana kwenye kitabu chao hakuna kifungu cha mtu aliyejitenga mwenyewe. Nusu saa haikupita nikaijua kazi ya mikono yangu. Kiuno kinawaka, unatafuta pa kuegemea unakuta hewa.

Ikafika saa ya kuwarudisha waliotengwa. Kanuni akavaa miwani, akafungua karatasi. Ni karatasi ileile iliyopigwa chapa kwa ajili ya tarehe tisa, wamekata tarehe kwa kalamu wakaandika mpya juu yake. Akasoma jina la kwanza, yule wa ulevi, akasimama, akatubu, kusanyiko likaitikia, "Tunampokea kwa upendo." Akasoma la pili, yule dada fundi cherehani, vilevile. Kisha, bila kuinua macho, akasoma jina la mke wangu, lake na la baba yake.

Kusanyiko zima likaitikia.

Waliitikia kwa mazoea, kama mtu anavyosema amina. Watu mia tatu, watoto kwa wakubwa, na wengine walikuwa makaburini jana yake, udongo bado uko viatuni. "Tunampokea kwa upendo." Kisha ukasikia bati likilia kwa jua. Kanuni akaitazama karatasi. Mchungaji akamtazama Kanuni. Mama mmoja wa kwaya akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Kanuni akakohoa, akasema tuendelee na matangazo.

Sikupiga kelele. Nilikaa pale nikilia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, mgongo umekunjika hadi magotini, na bila shaka mgeni aliyeniona alidhani nasali. Labda nilikuwa nasali kweli.

Kesho yake nilikwenda kwa katibu kuangalia daftari la washarika. Mbele ya jina lake imeandikwa kwa wino mwekundu: ametengwa. Chini yake: amefariki. Nikasema lile neno la kwanza lifutwe, kusanyiko limempokea, na mimi nina mashahidi mia tatu. Katibu akasema atalipeleka suala barazani. Barazani Kanuni akasema lilikuwa kosa la karatasi, na tena marehemu hakutamka toba. Nikasema, na wale wawili waliosomwa kwenye karatasi hiyohiyo, nao ni kosa? Na je, kitabu chenu hakisemi kwamba aliyepokewa na kusanyiko amepokewa? Akafungua kitabu. Akakisoma kifungu kimoja kimya kimya, nikaona kidole chake kikisimama mahali. Akakifunga. Akasema suala ni zito, litajadiliwa kikao kijacho.

Vimepita vikao vinne. Mara ajenda haikufikiwa, mara mchungaji ana safari, mara wanasubiri ushauri wa juu. Mwezi uliopita walinitumia ujumbe kwamba baraza limeridhia, kwa huruma, benchi la nyuma liwekewe egemeo, na kazi nipewe mimi. Ubao nimeshaukata. Ni mninga mzuri, hauna fundo, nimeupiga randa na umeegemea ukuta wa karakana. Sijaupeleka. Nimewaambia nitaugongomea siku watakayonijibu, na mpaka hapo nakaa pale nyuma kila Jumapili, na mkate ukipita mbele siendi. Wananiambia nina kiburi. Binti anasema namuumiza mama yake hata kaburini. Mjukuu ameanza kutembea, huwa ananifuata mpaka kwenye benchi na kuniegemea mguu.

Kikaratasi chake bado kimo kwenye Biblia, kimekunjwa mara mbili, maneno hayajasemwa. Kanuni nikikutana naye njiani ananiambia nivumilie, Mungu hana haraka. Mimi sijamuuliza Mungu. Nawauliza wao, wenye funguo za kengele na kalamu ya wino mwekundu: mama yule mliyempokea kwa upendo mchana kweupe, yuko ndani au yuko nje?