Waya Nene ya Muzee Munguakonkwa

Muzee Munguakonkwa alishuka kwenye batoo, meli ya kutoka Bukavu, akiwa amekumbatia rola ya waya nene kama mtu aliyebeba mjukuu. Mwanawe Mirindi alitaka kumpokea, akakatazwa. Muzee alipita nayo juu ya mawe ya volkano mpaka nyumba mpya ya mbao, akaiweka mbele ya Kaswera, mke wa Mirindi.

"Mukwe wangu, hii ni ya taa. Taa zote."

Kaswera alikuwa fundi wa umeme tangu kabla ya ndoa. Aliigusa tu, akajua: milimita nne. Taa hutosheka na moja na nusu. Waya ile isingekaa ndani ya swichi, na penye waya isiyokazwa vizuri ndipo moto huanzia. Lakini unamwambiaje baba mkwe, chai hajaionja, kwamba zawadi yake haifai?

Akammiminia chai kwanza. "Papa, kwa nini mulichagua nene hivi?"

Muzee akaweka kikombe chini. "Nyumba yetu ya Kadutu iliungua. Batu balisema ni waya nyembamba. Mama ya Mirindi alitoka na nguo ya mwilini tu. Sipendi nione ile tena."

Kaswera akavuta kiti karibu. "Pole, Papa. Kwa ile waya ya taa, mulichomeka na kitu ingine?"

"Pasi. Na resho ya kupikia."

"Njo maana. Waya ya taa ilibebeshwa mizigo ya jikoni, ikapata moto. Hapa taa ziko na waya yao, na kikata-umeme chao kidogo. Mzigo ukizidi, kinakata chenyewe. Pasi na resho ziko na njia yao, ya waya kubwa kuliko ya taa."

"Na yangu?" Sauti ya muzee ilikuwa ndogo.

"Yenu itatoka kwenye mita mpaka kwa hiki kisanduku cha vikata-umeme. Umeme yote ya nyumba itapita mule kwanza."

Kaswera hakuwa akimbembeleza tu; pale palihitaji waya nene, naye alikuwa bado hajaipata.

Mchana kutwa muzee alimshikia ngazi, akiuliza juu ya kila skrubu, huku Mirindi akikaanga samaki wadogo wa sambaza. Taa zilipowaka, muzee hakuzitazama. Alitoa simu, akampigia mkewe.

"Mama Mirindi, nawe kuja. Mutoto wetu ni fundi, nimeona kwa macho yangu."

Mutoto wetu. Kaswera akageukia ukutani, akajifanya anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.