Tundu Dogo Mguuni mwa Mounira

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Asubuhi manyunyu yalianguka Lubumbashi, na hewa ilikuwa ya baridi kidogo.

Mounira, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelala katika wodi ya watoto. Usaha ulikuwa umejaa ndani ya mfupa wa mguu wake, chini ya goti. Jana yake Dokta Chanda hakuupasua mguu. Alitoboa tundu dogo, akanyonya usaha, akasafisha mfupa kwa mrija mwembamba, kisha akamtundikia dripu ya dawa.

Bibi yake, Mwajuma, aliitazama bandeji akacheka.

"Kitundu hiki tu? Hata fundi wa nguo anatoboa zaidi akishona kifungo! Ugonjwa iko mule ndani."

Nafisa, mama wa mtoto, alimfunika Mounira shuka. Mwajuma alikuwa mama mkwe wake, na nyumbani kwao, katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa Lubumbashi, hakuna aliyempinga. Nafisa alitoka kutafuta maji ya chai, akimwomba Mungu njia nzima. Aliporudi alimkuta mama mkwe akiukanda mguu kwa kitambaa cha maji moto, na Mounira akilia. Akaweka chupa ya maji chini, akamfuta Mounira machozi.

Mchana homa ilipanda. Dokta Chanda alipokuja aliuona mguu umevimba.

"Nani amekanda huu mguu?"

Akina mama wa vitanda vya jirani waliinamisha macho.

"Ni mimi," alisema Mwajuma. "Hii mikono ilinyoosha batoto ba Kenya yote."

"Mama, mfupa wenye usaha ni dhaifu. Ukiukanda unaweza kuvunjika. Leo nitausafisha tena kwa tundu lilelile. Ukikandwa tena, nitaupasua toka goti mpaka kifundo, na unaweza kubaki mfupi. Nani wa nyumba hii atanihakikishia kwamba hautakandwa tena?"

"Baba yake iko mbali, kule Mitwaba. Mumungoje."

"Usaha haungoji, mama."

Mwajuma akageukia dirishani. Nafisa akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, munisamehe. Na mimi niko mama." Akawageukia wengine. "Dokta, na ninyi bamama bote, musikie. Mbele ya Mungu ninaahidi: hakuna mukono utagusa muguu wa Mounira mpaka dokta aseme. Hata mukono wa mama mukwe wangu."