Ndege Mbili Katika Wingu la Mbeya

Masika ya mwaka 1976, Tekla Kalinga alikuwa mwongoza ndege katika kiwanja cha Mbeya. Rada hawakuwa nayo. Alizijua ndege kwa sauti za marubani tu, na mchana ule wingu lilikuwa limeufunika mji wote hadi Ilomba.

Ndege mbili zilikuwa zinakuja kutoka upande wa Igawa. Kubwa ilikuwa ya abiria, ya Kapteni Eliezeri. Ndogo ilikuwa ya misheni. Rubani wake Liberatus alikuwa amembeba Ng'washi, mama wa Kisukuma kutoka tambarare za Usangu ambaye uchungu ulikuwa umemshinda tangu jana yake. Tekla aliiweka ndogo futi elfu tisa, kisha akamruhusu kapteni ashuke kutoka elfu kumi na mbili hadi elfu kumi. Kila mmoja akibaki alipowekwa, hawakutani.

Mara Liberatus akasema wingu limekuwa zito, haioni milima, anapanda. Sauti ikakatika.

Tekla akamwita, akamwita tena. Kimya. Huenda redio yake ilikuwa inapokea lakini haipeleki maneno. Kiingereza cha kazi kikampotea.

"Liberatus, kama unanisikia, bonyeza kitufe cha redio mara moja."

Mkwaruzo mfupi ukasikika.

"Umepita elfu kumi? Bonyeza."

Mkwaruzo.

"Umepita elfu kumi na moja?"

Hakikusikika kitu; basi alikuwa bado hajaifikia. Akamuuliza kapteni yuko wapi. Eliezeri akajibu kwa utulivu kwamba anakaribia elfu kumi na moja, anaendelea kushuka.

"Usishuke! Geuka kulia sasa hivi, elekea Usangu, panda juu. Liberatus, wewe usipande tena, nyoosha hivyo hivyo."

Tekla alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alijua kuna watu thelathini na zaidi ndani ya ile kubwa, na hana neno jingine la kuwasaidia.

Hatimaye kapteni akasema, "Imepita chini ya bawa langu la kushoto. Nimeona mkia wake."

Tekla akamwambia azunguke huko huko juu. Kisha akamwongoza Liberatus kwa maswali na mikwaruzo, kidogo kidogo, mpaka ndege ndogo ikachomoza chini ya wingu, ikatua ikiyumba. Gari la hospitali lilikuwa tayari linangoja.

Kubwa ilipotua, Eliezeri alipanda kwenye mnara wa kuongozea ndege akiwa bado na kofia mkononi. Alimkuta Tekla amekaa sakafuni.

"Dada, uliposema nigeuke, nusura nikuulize sababu," alisema.

"Ungeuliza, nisingewahi kukujibu."

Kapteni akakaa naye sakafuni. Jioni simu ya hospitali ikalia: Ng'washi amepasuliwa, yuko hai, na mtoto wa kike analia. Tekla akaitikia vizuri, akaweka simu chini, ndipo naye machozi yakamtoka.