Pistoni Zilizonusurika Tanuru

Philomène alikuwa mfua sufuria wa mtaa wa Mangobo. Aliyeyusha vyuma chakavu, na hakuna alichokipenda kama pistoni kuukuu, maana sufuria yake hudumu. Asubuhi moja alikuwa na nne mkononi, za injini ya pompe ya maji iliyopasuka, tanuru limepamba moto, Eddy fundi wa magari, aliyeziona kutoka barabarani, alipoingia mbio.

"Mama Philo, usitie hizo mu moto! Lete nipime kwanza."

Alizipima, uso ukamkunjuka. Land Cruiser ya mteja wake Timothée, iliyokuwa ikipeleka watu Banalia, ilikuwa imelala gereji tangu mvua za kwanza, na pistoni zake hazikupatikana mjini kote.

"Lakini hizi ni za pompe," alisema Philomène.

"Ndiyo. Donc, upana iko sawa, ila kule juu zimezidi kidogo. Nitapeleka zichongwe."

Zilipochongwa na kuingizwa, Eddy alimtumia ujumbe aje aone.

Philomène alimkuta anamega kwanga, mkate laini wa muhogo, ule ule wa mezani. Eddy akakibandika kipande juu ya pistoni, akafunga kichwa cha injini, akaizungusha kwa mkono polepole, kisha akafungua tena. Supape mbili, zile zinazoingiza hewa na kutoa moshi, zilikuwa zimeacha alama zake katika kwanga, duara safi kama mhuri. Eddy akaikata kwa wembe, akatazama unene uliobaki.

"Kama ingebonyea mpaka chini, supape zingegonga pistoni, moteur yote ivunjike. Angalia, mama. Nafasi iko."

Philomène aliinama, asiamini. Mahali ambapo jicho haliwezi kuingia, kwanga ilikuwa imeingia, ikarudi na habari.

Jioni Eddy akawasha. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikasita. Philomène akashika mdomo. Mara ikashika, ikanguruma, halafu ikatulia na kuunguruma sawasawa. Aliweka kiganja juu ya boneti. Mtetemo ukampanda hadi begani. Maisha yake yote chuma kwake kilikuwa kitu cha kuyeyuka na kunyamaza. Sasa vile vinne, alivyobakiza kidogo avitupe motoni, vilikuwa gizani mle vinapanda na kushuka kwa kasi isiyohesabika, wala havikosani.

"Zima," alinong'ona.

Eddy akazima. Gereji ikawa kimya.

"Mungu wangu," alisema Philomène, kiganja bado kiko pale pale. "Washa tena."